Biashara ina msukosuko, nimkabidhi msaidizi wangu uongozi au nikomae mwenyewe?

Mwenye_Mzigo ameuliza:

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo hasa kwa walioshawahi kuendesha kampuni ikiwa kwenye hali mbaya, manake nimefika sehemu lazima niamue na kila nikikaa peke yangu naona pande zote mbili zina ukweli.

Iko hivi. Tunasambaza vifaa, wafanyakazi wako kama 30. Mteja wetu mkubwa kuliko wote, aliyekuwa anabeba karibu nusu ya mauzo, kasitisha mkataba na pesa ya mizigo tuliyokwishampelekea hajalipa. Benki nao wameanza kuuliza maswali kuhusu mkopo. Kwa hiyo siku zangu zinaishia kwenye vikao, leo benki kesho wakili keshokutwa wanaotudai, nikirudi ofisini nakuta foleni mlangoni, huyu anataka nisaini oda ya mafuta ya gari, yule mteja kaomba punguzo tumpe au tusimpe, mwingine anaomba ruhusa mama yake anaumwa. Vitu vidogo vidogo ila vyote vimesimama vinanisubiri mimi. Juzi mzigo wa mteja mzuri kabisa, analipa kwa wakati, umelala stoo kwa sababu hamna aliyethubutu kusema utoke bila mimi kuuona.

Ninaye msaidizi wangu, dada mmoja tuko naye miaka mingi, kampuni anaijua nje ndani, wenzake wanamsikiliza na hababaiki. Nawaza nimkabidhi mambo yote ya ndani mimi nibaki na madeni na benki. Wasiwasi wangu ni kwamba wafanyakazi wasije wakasema bosi kawakimbia, alafu kuna suala la pesa, sijawahi kumpa mtu yeyote saini ya kampuni, na yeye mwenyewe pia namfikiria, sitaki nimtwishe kitu ambacho kikiharibika lawama zote zimwangukie yeye. Mwenzangu tuliyeanzisha naye kampuni amekataa kabisa, anasema wakati wa dhoruba nahodha haachii usukani.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

---

Kalamu_Nyekundu amejibu:

Pole sana mkuu, na mimi nasema mpe. Ila neno "mambo yote ya ndani" ndilo linaloniogopesha, ni pana mno, wewe utakuwa na maana yako kichwani na yeye atakuwa na yake, na mtagundua tofauti siku ambayo tayari mmeshakorofishana.

Chukua karatasi uandike kila kitu kilichokuja mlangoni kwako wiki hii, chote, hadi ile ruhusa ya mama anaumwa. Alafu kila kimoja jiulize, kikikosewa kinarekebishika? Oda ya mafuta inarekebishika. Ruhusa inarekebishika. Mzigo kutoka stoo kwa mteja anayelipa vizuri, hata ukiwa na kosa la karatasi, kesho unarekebishika. Hivyo vyote ni vyake, asikuulize kabla, na akikuuliza mrudishie mwenyewe aamue. Kufukuza mtu, kukopa, kuuza gari la kampuni, kusaini mkataba wa mwaka mzima, kupandisha au kushusha bei ya kila mteja, hivyo havirudi nyuma kirahisi, vibaki kwako. Vitabaki vya katikati, kwa mfano punguzo, hapo mpe kiwango, mwambie mpaka hapa amua mwenyewe, ikizidi hapo unipigie.

Januari 2009 Steve Jobs alipochukua likizo ya ugonjwa, dunia nzima ikiwa kwenye mtikisiko wa uchumi, aliwaandikia wafanyakazi wa Apple kwamba shughuli za kila siku anazishika Tim Cook na yeye ataendelea kushiriki maamuzi makubwa ya mwelekeo wa kampuni. Barua fupi tu lakini ukiisoma unajua umfuate nani kwa jambo gani. Na Cook hakuwa anajaribiwa siku hiyo kwa mara ya kwanza, 2004 Jobs alipofanyiwa upasuaji alishamshikia nafasi. Kwa hiyo kama huyo dada hajawahi kukukaimu hata ulipokuwa safarini basi mwanzishe na stoo na oda kwanza, wiki inayofuata umwongezee, usimmwagie vyote Jumatatu asubuhi.

---

Rubani_wa_Chini amejibu:

Naomba nimjibu huyo mwenzako wa nahodha kwa heshima zote, manake mimi nafanya kazi kwenye matengenezo ya ndege na hilo jambo sisi tunafundishwa kwa mifano ya watu waliokufa.

Desemba 1972 ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami usiku. Taa moja ndogo inayoonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka na kujifunga haikuwaka. Wakasogea pembeni wakaiweka ndege kwenye otomatiki kwa futi 2,000 wapate nafasi ya kuangalia tatizo ni nini. Rubani mkuu akaingia kwenye ile taa, msaidizi wake akaingia kwenye ile taa, injinia wa ndege akatumwa ashuke chini akaangalie gurudumu kwa macho, na fundi aliyekuwa amepanda nao akamfuata. Katikati ya hayo ule mfumo wa kushikilia urefu ulijitoa bila wao kugundua na ndege ikaanza kushuka taratibu gizani. Waliokufa ni 101. Taa yenyewe ilikuwa imeungua tu, na gurudumu lilikuwa limeshashuka vizuri.

Hawakuwa wazembe wale, walikuwa watu wenye uzoefu, ila kila mwenye akili alikuwa kwenye tatizo na hakuna aliyeambiwa "wewe usishughulike na taa, wewe rusha ndege". Ndiyo maana nakwambia ndugu yangu, benki na deni la yule mteja ndiyo taa yako. Ni kweli inahitaji mtu mkubwa, lakini hao wateja wengine waliobaki wanaolipa ndio ndege yenyewe, na kwa maelezo yako sasa hivi hamna anayeirusha, mzigo umelala stoo!

Na kuna kitu kimoja cha kuiga. Marubani wakipokezana usukani mmoja anasema chukua, mwingine anajibu nimechukua, wa kwanza anathibitisha tena umechukua. Mara tatu kwa mdomo. Ukifika ofisini fanya hivyohivyo, usimwambie tu "nisaidie saidie pale", mwambie kuanzia leo stoo na usafirishaji ni wako, na usubiri aseme kwa mdomo wake kwamba amepokea. Akisita mwulize anasita nini, hapo ndipo utajua kitu ambacho hukukiona.

---

Mzee_wa_Kiwanda amejibu:

Vijana mmesema vizuri ila mimi nitasimama kidogo upande wa huyo mwenzake, msimwone hana akili.

Wafanyakazi 30 wameshasikia mteja mkubwa kaondoka, msidhani hawajui. Kila mmoja usiku anapiga hesabu ya ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Sasa katika hali hiyo bosi asipoonekana wiki mbili alafu waone msaidizi ndiye anayekaa kwenye kiti, tafsiri wataitoa wenyewe na haitakuwa nzuri, wale wazuri ndio wataanza kutuma maombi ya kazi kwingine kwa sababu ndio wanaoweza kuajirika haraka.

Mwaka 1982 kule Chicago watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya maumivu vya Tylenol ambavyo mtu alikuwa ametia sumu. Kampuni ya Johnson & Johnson walirudisha chupa kama milioni 31 kutoka madukani. Mkubwa wao, James Burke, aliunda kamati ya watu 7 ya kupanga mkakati, na kampuni tanzu iliyokuwa inatengeneza dawa yenyewe ilikuwa na viongozi wake wanaoendelea na kazi, lakini kwenye televisheni alikwenda yeye mwenyewe kuulizwa maswali. Sura hakuikabidhi kwa mtu.

Kwa hiyo mwanangu kabidhi maamuzi lakini kuonekana usikabidhi. Kila siku, hata kama una kikao benki saa 4, pita stoo saa 2 asubuhi usalimie watu, sema ukweli unaoweza kuusema, kama mishahara ya mwezi huu ipo sema ipo, kama hujui ya mwezi ujao usiahidi. Dakika 15 zinatosha. Ila ukiwa pale mtu akikuletea oda usiisaini hata kama kalamu unayo mkononi, mwambie mpelekee dada.

---

Mama_Daftari amejibu:

Nimekuwa mhasibu maisha yangu yote na naona mmeruka sehemu inayouma, pesa. Ngoja niiseme kwa urefu kidogo mnisamehe.

Kwanza saini. Usimpe kadi yako wala namba yako ya siri ya benki ya mtandaoni, hata kama unamwamini kama dada yako wa tumbo moja. Siku kitu kikienda vibaya mfumo utaonyesha umelipa wewe, na yeye hatakuwa na namna ya kuonyesha alifanya nini na hakufanya nini. Wakurugenzi mkae mpitishe azimio la maandishi, benki wana fomu zao za kuongeza mtia saini, aingie kwa jina lake na kwa kikomo chake. Chini ya kikomo anaidhinisha mwenyewe, juu ya kikomo saini mbili. Na anayeandaa malipo asiwe ndiye anayeyaidhinisha, hilo hata ofisi iwe ndogo vipi linawezekana.

Pili, jihadharini na matapeli kipindi hiki. Wakijua bosi hashikiki ofisini ndipo zinapoanza kuja barua pepe zenye jina lako, "niko kwenye kikao, mlipe huyu haraka nitakueleza baadaye", au msambazaji mnayemjua ghafla ana akaunti mpya. Mwekeeni huyo dada sheria isiyo na msamaha kwamba akaunti mpya hailipwi mpaka mtu apigiwe simu kwa namba ya zamani mliyokuwa nayo, na hata wewe mwenyewe ukiandika kwamba ni haraka sheria ni ileile.

Tatu, na hili ndilo naomba ulishike. Uamuzi wa nani kati ya wanaowadai alipwe kwanza USIMKABIDHI. Kampuni ikifika karibu na kushindwa kulipa madeni, sheria za nchi nyingi, hasa zinazofuata mfumo wa Uingereza, zinawataka wakurugenzi wafikirie maslahi ya wadai, na ukimlipa mdai mmoja kwa upendeleo ukawaacha wengine malipo hayo yanaweza kuja kuhojiwa baadaye. Kazi unaweza kukasimu lakini wajibu wa mkurugenzi unabaki kwako. Na zaidi ya hapo, mtu anayefanya maamuzi ya mkurugenzi bila cheo anaweza kuhesabiwa na mahakama kuwa mkurugenzi na akabeba wajibu huohuo. Umesema hutaki lawama zimwangukie, basi hapa ndipo zinapoweza kumwangukia kweli. Huyo wakili unayekutana naye mwulize hili swali kabla hujaandika barua yoyote.

Kitu cha mwisho, tengenezeni makadirio ya pesa ya wiki 13, wiki kwa wiki, nini kinaingia nini kinatoka. Benki wakikuita wataulizia hiyo. Dada awe anajaza upande wa mauzo na gharama za ndani maana ndiye atakayejua, wewe ujaze upande wa madeni, na mhasibu aunganishe. Mkikaa kila Ijumaa na hiyo karatasi mbele yenu hamtahitaji kupigiana simu mara 20 kwa siku.

---

Niliyekaimu amejibu:

Mimi nimekuwa upande wa pili, nilikuwa msaidizi, kampuni siitaji. Bosi wangu alikuwa na matatizo yanayofanana sana na yako na siku moja akaniita akaniambia shika ofisi, mimi nahangaika na wadai. Nilifurahi na nikaogopa vyote pamoja.

Naomba nikueleze jambo moja jinsi lilivyokuwa. Asubuhi gari la msambazaji limeingia na mzigo tuliokuwa tunausubiri kwa hamu, dereva ana karatasi imeandikwa kwamba asishushe mpaka nusu ya malipo ithibitishwe. Mimi sina saini. Nampigia bosi simu imezimwa, yuko kikaoni. Dereva amezima injini, vijana wa kushusha wamekaa juu ya pallet wananiangalia mimi, mteja wa ule mzigo anapiga kuuliza unafika saa ngapi. Nikamwomba msambazaji kwa simu akubali barua ya ahadi ya malipo kwa siku mbili, tulikuwa tunaheshimiana, akakubali, nikaiandika nikasaini, mzigo ukashushwa. Jioni bosi akarudi akanisema mbele ya watu wote kwamba nani kanipa ruhusa ya kuahidi pesa. Na kesho yake akampigia yule msambazaji akabadilisha makubaliano.

Kuanzia hapo kazi yangu iliisha hata kama cheo nilibaki nacho. Kila nikisema jambo vijana wananiitikia vizuri kabisa, wakitoka wanampigia bosi kuhakikisha, na yeye anapokea! Hilo ndilo liliniumiza kuliko kusemwa. Angekuwa anawajibu tu "mmemuuliza fulani? basi fuateni alivyosema" yangekwisha ndani ya wiki.

Kwa hiyo kaka yangu, kikomo cha pesa alichosema Mama_Daftari hakikisha kipo siku ya kwanza kabla hata hujatangaza, manake kumpa mtu jukumu bila uwezo ni kumweka pale apigwe mawe. Akikosea mwite pembeni, mlango ufungwe, msemane huko. Na uamuzi wake hata kama wewe ungefanya tofauti, kama sio wa kuizamisha kampuni uache upite. Ukiubatilisha mmoja tu hadharani utakuwa umeibatilisha yote iliyobaki.

---

Mwenye_Mzigo amejibu:

Nawashukuru sana, sikutegemea watu waandike kwa moyo hivi. Niliyekaimu hiyo ya kupokea simu imenigusa kwa sababu hata leo mchana nimepigiwa na kijana wa usafirishaji.

Nimeongea na mwenzangu, nimemsomea ile ya ndege, amekubali nusu. Anasema sawa ila iwe na mwisho unaojulikana, na watu watangaziwe vipi ili wasichanganyikiwe nani ni nani? Na wote 30 wakianza kumiminika kwake si atakwama kama nilivyokwama mimi?

---

Kalamu_Nyekundu amejibu:

Mwenzako kauliza swali zuri. Wamarekani hilo waliliweka kwenye katiba mwaka 1967: rais akiona hataweza kazi kwa muda anaandika barua kwa wakuu wa bunge, makamu anakaimu, na akiwa tayari anaandika barua ya pili anarudi. Novemba 2021 Biden alipokwenda kupimwa hospitali akapewa dawa ya usingizi, Kamala Harris alikaimu kama saa moja na nusu tu, lakini barua zote mbili ziliandikwa. Linganisha na Machi 1981 Reagan alipopigwa risasi. Barua haikusainiwa wala kutumwa, makamu yuko kwenye ndege, waziri wa mambo ya nje Alexander Haig akaenda mbele ya waandishi wa habari akasema hapa Ikulu yeye ndiye anayeongoza mpaka makamu arudi, wakati kwa mpangilio wa kurithi madaraka walikuwepo wengine mbele yake. Alitaka kutuliza watu na akawachanganya zaidi.

Kwa hiyo andika barua moja ya ukurasa mmoja. Jina lake, cheo cha kukaimu, maamuzi yaliyo yake, yaliyo yako, kikomo cha pesa, kuanzia lini mpaka lini. Kama mtafuata zile wiki 13 za mhasibu basi iishe zikiisha, ikihitajika kuongezwa mtaandika nyingine. Uisome mwenyewe mbele ya watu wote yeye akiwa amesimama hapo, kisha wateja na wasambazaji wakuu uwapigie wewe uwaambie jina lake kabla hajawapigia yeye.

Kuhusu kumiminika, wazima moto wa Marekani, baada ya ile mioto mikubwa ya misitu ya California ya 1970, walitengeneza mfumo ambao kiongozi mmoja anasimamia watu 3 mpaka 7 na 5 ndiyo inayopendekezwa. Wewe ulikuwa na 30 mlangoni. Achague wanne au watano, stoo, usafirishaji, mauzo, hesabu, na kila mmoja awe na vyake vya kuamua. Hao ndio waje kwake, wengine wote waende kwa hao.

---

Niliyekaimu amejibu:

Naongezea mawili tu alafu niwaache. Mlipe. Kama kuna posho ya kukaimu iandike kwenye barua hiyohiyo, na kama pesa kweli haipo kwa sasa andika italipwa lini, usimwambie tutaangaliana baadaye, manake atafanya kazi mbili na yake ya zamani hamna aliyeichukua. Tena hiyo ya zamani mtafutie mtu wa kuishika hata kwa nusu.

Na kama itafika mahali pa kupunguza wafanyakazi, naomba sana uwaambie wewe mwenyewe, mmoja mmoja, usimtume yeye. Hao ni watu anaokula nao mchana.

---

Mwenye_Mzigo amejibu:

Hilo la mwisho nimelipokea, nitaongea nao mimi. Wakili nakutana naye kesho nitamuuliza lile swali la ukurugenzi kabla ya barua. Na yule kijana wa usafirishaji nimemwandikia meseji sasa hivi kwamba kuanzia asubuhi amfuate dada, alichosema yeye ndicho.